Yule wa kijivu kundini: kuzitambua koo na rangi za bata mzinga mwitu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Kansas, kama saa moja kwa gari magharibi ya Wichita. Tangu mwezi Machi kundi la bata mzinga mwitu hupita nyuma ya nyumba yetu kila asubuhi. Madume wakitandaza mikia, ukingo wake una rangi ya kahawia hafifu, ila mmoja ukingo wake umekolea zaidi. Katikati yao yuko mmoja wa kijivu karibu na nyeupe, na kila unyoya wake una ncha nyeusi kama umechovywa wino. Mume wangu anasema ni wa kufugwa katoroka. Jirani anasema ni albino. Kijana wangu amesoma mahali kwamba wenye weupe ni Merriam. Nani kasema kweli?

JIBU: Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: umetazama ncha za mikia kabla ya kuuliza. Nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Kundi lako ni la ukoo wa Rio Grande, na yule dume mwenye ukingo uliokolea yaelekea ana damu ya bata mzinga wa Mashariki. Huyo wa kijivu, kwa jinsi ulivyomweleza, ni mwitu kama wenzake, na karibu nina hakika ni jike. Amezaliwa na rangi ambayo Wamarekani huiita rangi ya moshi. Kwa hiyo si mtoro, si albino, na si Merriam.

Bata mzinga mwitu ni spishi moja, Meleagris gallopavo, yenye nususpishi sita. Nususpishi ni kama koo za kabila moja: wanaoana na kuzaa bila shida wakikutana, ila kila ukoo umekaa nchi yake muda mrefu hadi ukapata sura yake. Marekani kuna koo tano, nazo ni wa Mashariki, Osceola, Rio Grande, Merriam na Gould. Wa sita ni wa kusini mwa Mexico, na huyo nitamrudia kwa sababu ndiye babu wa bata mzinga wote wanaofugwa, hata wale wa Arusha na Limuru. Yuko pia bata mzinga wa Yucatán, Belize na kaskazini mwa Guatemala, mwenye kichwa cha buluu na madoa kama macho mkiani, lakini huyo ni spishi nyingine kabisa na dume wake hana hata ndevu za kifuani, lile fungu la nyuzi ngumu linaloning'inia kwa madume.

Jina hilo Meleagris, mama, linatugusa sisi. Ni neno la Kigiriki la kanga, ndege wetu wa madoadoa. Watu wa Ulaya wa karne ya 16 walimchanganya kanga wa Afrika na ndege mgeni aliyeletwa kutoka Mexico, wakawaita kwa majina yaleyale, na mwaka 1758 mwanasayansi wa Uswidi Linnaeus akaufungia mkanganyiko huo ndani ya jina la kisayansi. Mpaka leo kanga anaitwa Numida meleagris na bata mzinga anaitwa Meleagris. Mimi nililelewa nikiwinga kanga mashambani kwa bibi yangu, na kila nikiliandika jina hilo nawakumbuka.

Sasa tuje kwenye kutambua. Kitu cha kwanza si rangi, ni mahali uliposimama. Wa Mashariki ameenea nusu yote ya mashariki ya Marekani, kutoka misitu ya kaskazini hadi kaskazini mwa Florida, na kuelekea magharibi anafika mashariki ya Kansas na Texas. Osceola, aliyepewa jina la kiongozi wa Waseminole, anaishi rasi ya Florida tu. Rio Grande ni wa nyika kavu za Texas, Oklahoma na Kansas, na hupenda miti iliyofuata kingo za mito. Merriam ni wa milima ya Rocky kwenye misonobari ya ponderosa, huko Colorado, New Mexico na Arizona. Gould ni wa milima ya kaskazini-magharibi mwa Mexico, na wachache wako kusini kabisa mwa Arizona na New Mexico.

Ramani hiyo binadamu ameivuruga. Uwindaji na ukataji misitu ulikuwa umewamaliza bata mzinga katika majimbo mengi ilipofika mwanzo wa karne ya 20, Kansas ikiwemo. Kwanza wataalamu walijaribu kuwafuga na kuwaachia porini, na ndege hao wakafa, kwa kuwa hawakuwa wamefunzwa na mama zao kuogopa chochote. Kilichofaulu ni kuwakamata wa mwitu wenyewe na kuwahamisha. Kuanzia mwaka 1951, huko South Carolina, walitumia nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo: kundi likiinamia mahindi, mizinga inalia na wavu unawafunika wote kabla hawajainua vichwa. (Kwa Kiswahili hadithi hiyo ina utamu wake, bata mzinga kukamatwa kwa mizinga.) Ndivyo Rio Grande wa Texas walivyopelekwa California na hata Hawaii, na Merriam wakapandishwa hadi Black Hills za South Dakota, mahali ambapo hawakuwahi kuwapo. Kansas nayo ilirudishiwa Rio Grande kutoka kusini na wa Mashariki upande wa mashariki. Kwa hiyo ukiuliza mahali, uliza pia nani aliletwa hapo.

Baada ya mahali, mkia. Dume ana manyoya makubwa 18 mkiani, na juu yake kuna manyoya mafupi yanayofunika shina la mkia. Kinachotafutwa ni rangi ya ncha za makundi hayo mawili, ule ukingo wa nje wa mkia uliotandazwa na ule mstari wa ndani karibu na mgongo. Wanafunzi wangu wa Kitanzania huwa nawafundisha kwa vikombe vya chai. Wa Mashariki ni chai ya rangi iliyoiva, hudhurungi yenye wekundu. Osceola ni hiyohiyo, pengine imekolea zaidi. Rio Grande ni chai ya maziwa, kahawia hafifu inayoelekea rangi ya mchanga. Merriam ni maziwa yaliyotiwa tone moja la chai, weupe wenye joto kidogo. Gould ni maziwa matupu, ukingo mpana na mweupe kabisa. Wewe ulipoandika kahawia hafifu, nilijua tuko kwenye kikombe cha tatu.

Lakini usiutazame mkia peke yake. Tazama bawa lililokunjwa. Manyoya makubwa ya bawa yana mistari myeusi na myeupe iliyopishana. Kwa wa Mashariki mistari hiyo inakaribia kulingana kwa upana. Kwa Osceola nyeusi imetawala, na nyeupe ni nyembamba, imekatikakatika, kiasi kwamba bawa lote linaonekana jeusi ukiwa mbali. Huko kaskazini mwa Florida, ambako koo hizo mbili zinakutana na mikia haisemi lolote, bawa ndilo shahidi. Merriam kwake weupe umeongezeka, na akisimama pembeni utaona kiraka cheupe ubavuni. Miguu nayo inasaidia: Rio Grande ana miguu mirefu kwa mwili wake, na Gould ndiye mkubwa kuliko wote kwa miguu na nyayo. Kipi cha dume, ule mwiba wa mguuni kama wa jogoo, kwa Merriam huwa kifupi na kwa Osceola huwa kirefu na kikali, lakini hukua kwa umri pia, kwa hiyo mimi sikipi uzito mkubwa.

Mng'ao wa mwili ndio unaowadanganya watu zaidi. Vitabu vitakuambia huyu anametameta shaba, yule kijani, yule zambarau. Ni kweli, ila rangi hizo hazikupakwa kama rangi ya ukuta. Ndani ya unyoya kuna chembe za melanini, ile rangi ya asili ya manyoya na ngozi, zilizopangwa kwa tabaka, na mwanga ukizigonga kwa pembe tofauti unatoka na rangi tofauti, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ndege yuleyule asubuhi ni kijani na jioni ni shaba. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya picha mbili za dume mmoja. Ukitaka kutumia mwili, subiri jua liwe nyuma yako na ndege awe mbele, na bado amini mkia kuliko mgongo.

Usisahau umri na jinsia. Manyoya ya kifua cha dume yana ncha nyeusi, ndiyo maana kifua chake kinaonekana cheusi. Ya jike yana ncha za kahawia au za mchanga, basi anaonekana amepauka. Jike wa Rio Grande au Merriam, ambaye ncha zake ni hafifu zaidi, anaweza kumfanya mgeni adhani ameona ukoo mwingine. Ndevu za kifuani pia si ushahidi kamili wa udume, kwani majike kadhaa huwa nazo. Dume mchanga utamjua akitandaza mkia, manyoya ya katikati yanachomoza marefu kuliko ya pembeni, wakati mkia wa dume mkubwa ni duara moja safi. Na kuelekea mwisho wa kiangazi ncha zinachakaa na kupauka kwa jua na vumbi, hadi wa Mashariki anaanza kufanana na Rio Grande. Machi na Aprili, kama ulivyotazama wewe, ndio wakati mzuri.

Sasa yule dume wako mwenye ukingo uliokolea. Kansas ya kati ni mahali ambapo Rio Grande wa magharibi na wa Mashariki wanapakana, nao hawajui mpaka wowote, wanapandana. Watoto wao hutoka na ukingo wa rangi ya katikati, na watoto wa watoto wao wanaweza kutoka na rangi yoyote kati ya vikombe viwili. Ukisogea Nebraska utakuta hata Merriam ameingia kwenye mchanganyiko. Kwa hiyo mtu akikuonyesha dume mmoja wa Kansas ya kati na kuapa kwamba ni Rio Grande safi, mwombe akuonyeshe kundi zima. Mimi naandika "Rio Grande, yumkini chotara", na sioni aibu, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Wawindaji wanaojaribu kupata koo nne kati ya hizo tano katika msimu mmoja hawapendi neno chotara, nawaelewa, lakini ndege hakuzaliwa kwa ajili ya orodha yetu.

Tumfikie sasa huyo wa kijivu, ambaye ndiye aliyekufanya uandike. Manyoya ya bata mzinga yana melanini ya aina mbili, moja inatoa weusi na nyingine inatoa kahawia na wekundu. Kwa ndege wa rangi ya moshi kahawia imeondoka karibu yote, na weusi umepungua ila umebaki pale ulipokuwa mzito, yaani kwenye ncha na kwenye mistari. Ndiyo maana uliona unyoya mweupe wa kijivu wenye ncha ya wino. Ukimpata karibu, tazama bawa na mkia: mistari yote ya kawaida iko palepale, kama picha ya zamani isiyo na rangi. Macho ni meusi, miguu ina wekundu wa kawaida. Katika rangi zote zisizo za kawaida, hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi porini.

Kwa nini nasema ni jike hata bila wewe kuniambia? Kwa sababu wanaoonekana na rangi hii wengi mno ni majike, na urithi wa ndege unaeleza jinsi jambo kama hilo linavyotokea. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia. Kwa ndege ni kinyume, jike ndiye mwenye Z moja na W moja, na dume ana Z mbili. Jeni fiche ikiwa imekaa kwenye Z, dume anahitaji nakala mbili ili rangi ionekane, kwani nakala nzuri ya pili inaifunika. Jike hana nakala ya pili ya kuifunika. Akirithi moja tu kutoka kwa baba, rangi inatoka nje. Kwa bata mzinga wa kufugwa, rangi iitwayo Narragansett, ambayo nayo ni ya kijivu, inarithiwa kwa njia hiyohiyo. Maana yake ni kwamba kuna uwezekano mkubwa baba wa jike wako ni dume wa rangi ya kawaida kabisa, na pengine ni mmojawapo wa hao wanaotandaza mikia nyuma ya nyumba yako.

Jirani yako amesema albino. Hapa naomba nitulie kidogo. Kwetu neno hili limebeba machungu ya watu, na wenye ualbino Tanzania wametuomba tuwaite watu kwanza. Basi hata nikizungumzia ndege nalitumia kwa uangalifu, kwa maana yake ya kibaiolojia tu. Ndege mwenye ualbino hana melanini mahali popote, si kwenye manyoya, si kwenye ngozi, si kwenye macho. Macho yake ni ya waridi kwa sababu unaona damu iliyo nyuma. Hawezi kuwa na ncha nyeusi hata moja. Ni nadra sana porini, macho yake hayaoni vizuri na mwewe anamwona toka mbali. Kuna pia wale ambao manyoya yamekosa rangi lakini macho yamebaki meusi, wengine weupe mwili mzima na wengine wenye viraka tu. Kwa hiyo ukiona bata mzinga mweupe, anza na macho.

Rangi nyingine mbili nitazipitia haraka. Mweusi ni yule ambaye melanini imezidi, hana mistari bawani na hana ukingo hafifu mkiani. Huko Florida usimchanganye na Osceola wa kawaida, ambaye ana mistari ila ni myembamba. Mwekundu ni nadra zaidi, mahali pa weusi pamegeuka rangi ya kutu, na jua likimpiga anafanana na udongo wa Tsavo.

Mume wako hakukosea kuuliza kama ni mtoro. Ndilo swali ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulisahau. Miaka ya mwanzo nikiwa hapa Marekani nililetewa picha ya dume kutoka Kentucky, ukingo wa mkia mweupe safi. Kentucky ni nchi ya wa Mashariki peke yao, nami nikaandika kwamba huenda kuna Merriam walioletwa. Baadaye mwenzangu akaniambia nitazame miguu. Ilikuwa minene na imepauka, kifua kipana hadi ndege anayumba, na ile nyama inayoning'inia juu ya mdomo ilikuwa ndefu mno. Alikuwa wa kufugwa wa rangi ya shaba. Ukingo wake mweupe haukutoka Rocky, ulitoka kusini mwa Mexico. Watu wa huko walimfuga bata mzinga zaidi ya miaka 2000 iliyopita, Wahispania wakamchukua hadi Ulaya mapema katika karne ya 16, na walowezi wa Kiingereza wakamrudisha Amerika akiwa tayari ndege wa bandani. Amevuka bahari mara mbili na alama ya kwao haijafutika. Ukimwona wa shaba anafugwa Limuru, mtazame mkia, utaiona.

Kwa hiyo kumtofautisha mtoro: mwitu ni mwembamba, mrefu wa mguu, anaruka hadi juu ya mti wa kulala jioni, na binadamu akitokea anakimbia kabla hujamaliza kupumua. Aina za kufugwa zina mipango ya rangi yake. Bourbon Red ni mwekundu lakini mabawa na mkia ni meupe, jambo ambalo mwekundu wa mwitu hana. Mweupe wa nyama ana macho meusi, na dume wake ana ndevu nyeusi kifuani. Royal Palm ndiye anayemkaribia wa moshi, mweupe mwenye mipaka myeusi, ila mkia wake ni mweupe wenye utepe mweusi karibu na ncha, hauna mistarimistari ya kijivu. Wewe hukunitajia mkia wa huyo jike. Ukinipatia hilo, nitakuwa nimemaliza shaka yangu yote.

Njia rahisi ya kulipata ni kuokota unyoya mahali wanapolala, chini ya miti mikubwa ya mtoni. Sheria ya shirikisho inayolinda ndege wahamao haiwahusu bata mzinga, kwa hiyo unyoya wake si kosa kwa sheria hiyo, lakini wa mwewe ni kosa, na wa mwewe nao una mistari. Ukiwa na wasiwasi piga picha na uuache palepale, weka sarafu pembeni ili nione ukubwa.

Na mwezi Juni, akitoka kichakani na vifaranga, wahesabu na uwatazame rangi. Hutaga mayai kama 10 hadi 12 na kuyaatamia siku 28. Usishangae wote wakiwa wa kahawia kama vifaranga wengine: kama jeni iko kwenye Z, binti hupata Z ya baba, na wana wa kiume wataibeba rangi hiyo bila kuionyesha. Lakini kama hata mmoja wa majike ni wa kijivu, basi baba naye anaibeba, na ningependa sana kujua ni dume yupi kati ya wale wa kikombe cha tatu.